Mkono wa kulia uliharibiwa na bomu, akashinda Olimpiki mara mbili kwa wa kushoto: maisha ya Károly Takács

Kila mtu anayeingia katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola hufika siku moja kwenye swali la pesa. Mwanzoni anatumia bastola ya klabu, ile inayopita mikononi mwa watu wengi. Kisha anawaona washindani wengine wakifungua masanduku yao na kutoa bastola mpya, zenye mshiko wa mbao uliochongwa kufuata kiganja cha mwenyewe, na bei yake inapita dola 2,000. Hapo anaanza kujiuliza kama pointi anazokosa kila wiki zinatokana na silaha aliyonayo au na mkono wake mwenyewe.

Swali hilo linapoulizwa, wazee wa mchezo huu hupenda kutaja jina moja: Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria. Alishinda medali ya zahabu ya Olimpiki mara mbili, mwaka 1948 na mwaka 1952, akipiga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ambao ndio uliomfanya kuwa bingwa nchini mwake, ulikuwa umeharibiwa na bomu miaka kumi kabla ya ushindi wa kwanza. Katika safari yake alizuiliwa na cheo, na jeraha, na vita, kisha na umri. Kati ya vizuizi hivyo vyote, hakuna hata kimoja ambacho bastola ya bei kali ingekiondoa.

Mchezo wa sekunde nne

Mashariki mwa Congo, watu wengi wanaijua bunduki kwa sababu ya vita. Kwa hiyo ni vizuri kueleza kwanza kwamba bastola ya mashindano ni chombo cha namna nyingine. Inatumia risasi ndogo sana, ile ya kiwango cha 22, yenye upana wa milimita 5.6. Hakuna darubini juu yake: mpigaji anaangalia alama mbili za chuma, moja nyuma na nyingine mbele ya mtutu, na kuzilinganisha na shabaha. Na anaishika kwa mkono mmoja tu, ulionyooshwa. Mkono wa pili hauruhusiwi kusaidia. Wengi huuweka mfukoni au kuufunga kwenye mkanda ili usitikisike.

Takács alikuwa mtu wa mchezo unaoitwa bastola ya kasi. Mpigaji anasimama mita 25 mbele ya shabaha tano zilizopangwa kwa mstari. Mkono wake unaanzia chini. Shabaha zinapogeuka kumwelekea, anainua mkono na kupiga risasi tano, moja kwa kila shabaha, kabla hazijageuka tena. Mara ya kwanza anapewa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Katika sekunde hizo nne lazima ainue mkono, alenge shabaha ya kwanza, apige, asogeze mkono hadi ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya tano. Kwa kila risasi anapata muda usiofika sekunde moja.

Shindano zima lina risasi 60. Risasi inayoingia katikati kabisa inaleta pointi 10, hivyo pointi za juu kabisa ni 600. Mtu mwenye pointi 540 ni mpigaji mzuri wa klabu. Mtu mwenye pointi 580 katika miaka ya 1940 alikuwa mbele ya dunia nzima.

Kwa sababu kila kitu kinafanyika haraka namna hiyo, akili haina nafasi ya kuongoza kila hatua. Mkono unapaswa kujua kazi yake wenyewe. Ujuzi huo unaingia mwilini pole pole, kwa kurudia tendo moja mara elfu nyingi, na unakaa katika mkono ule uliofundishwa. Hauhamii wote hadi mkono mwingine.

Cheo kilichofunga mlango

Károly Takács alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tarehe 21 mwezi wa kwanza mwaka 1910. Wakati huo Hungaria ilikuwa bado sehemu ya ufalme mmoja mkubwa pamoja na Austria. Alipokuwa na umri wa miaka minane, ufalme huo ulivunjika mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na nchi yake ikabaki ndogo kuliko zamani. Kijana Takács aliingia jeshini, na ni huko alikoanza kujulikana kwa kipaji chake cha kulenga.

Kufikia mwaka 1936, alikuwa tayari katika kundi la wapigaji bastola bora wa dunia. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, Ujerumani, na kwa kawaida mtu wa kiwango chake angepanda treni pamoja na timu. Lakini hakwenda. Jeshi la Hungaria liliruhusu maofisa peke yao kushindana katika mchezo huo, na Takács alikuwa sajenti, yaani chini ya maofisa. Pointi zake zilitosha, ila alama zilizokuwa mabegani mwake hazikutosha.

Ni jambo ambalo wengi wanaweza kulielewa bila maelezo marefu. Kuna milango ambayo kazi nzuri peke yake haiifungui. Takács alibaki nyumbani huku Mjerumani Cornelius van Oyen akichukua zahabu ya bastola ya kasi mbele ya watu wa nchi yake.

Michezo ya Berlin ilisukuma pia biashara ya silaha za mashindano. Kampuni ya Walther ya Ujerumani ilikuwa imetengeneza bastola maalumu kwa mchezo huu, na ilipewa jina la Olympia. Kila nchi iliyotaka medali ilianza kuitazama. Hata baada ya vita, umbo lake halikufa: kampuni ya Hämmerli ya Uswisi ilipata ruhusa ya kuendelea kuitengeneza. Tangu siku hizo, wapigaji wa dunia wamekuwa wakiamini kwamba medali inaanzia dukani.

Baada ya Berlin, Hungaria iliondoa sheria ile ya vyeo. Njia ikawa wazi mbele ya Takács. Michezo iliyofuata ilipangwa kufanyika Tokyo, Japani, mwaka 1940, wakati ambapo angekuwa na miaka 30, umri mzuri sana kwa mpigaji bastola. Alikuwa na miaka minne ya kujitayarisha.

Bomu mkononi

Mwaka 1938, wakati wa mazoezi ya kijeshi, Takács alikuwa ameshika bomu la mkono lililokuwa na kasoro. Bomu hilo lililipuka kabla ya wakati wake, na mkono wa kulia uliharibika vibaya. Ni mkono uleule aliokuwa ameufundisha kwa miaka yote: vidole vya kushika mshiko, kidole cha kufyatua, kiwiko na bega vilivyojua jinsi ya kuinuka na kusimama. Kazi hiyo yote iliharibiwa kwa mlipuko mmoja.

Alikaa hospitali karibu mwezi mzima. Kwa mtu wa mchezo mwingine, jeraha la mkono lingeweza kuacha nafasi fulani. Mkimbiaji bado angekuwa na miguu yake. Lakini katika bastola, mkono ndio kazi yote. Alikuwa na miaka 28, hakuwa amewahi kushiriki Olimpiki, na kwa watu waliomfahamu, maisha yake ya mchezo yalikuwa yamefungwa.

Kwa Takács, bado kulikuwa na mkono mmoja mzima. Alipotoka hospitali, alianza kujifunza kupiga kwa mkono wa kushoto. Na alifanya hivyo kwa siri.

Uamuzi wa kujificha unaeleweka. Mtu ambaye wiki chache kabla alikuwa bingwa, sasa anakosa hata shabaha yenyewe. Angejifunza mbele ya wenzake, wangemhurumia, wengine wangemshauri aache. Peke yake, aliweza kukosa bila mtu kuhesabu.

Kuanza tena kwa mkono mwingine

Mtu anayebadili mkono katika bastola anakuta kwamba si mkono tu unaobadilika. Miguu inapaswa kusimama upande mwingine. Bega lililokuwa nyuma linakuja mbele. Uzito wa mwili unahama. Hata jicho linaleta tatizo: kila mtu ana jicho moja ambalo ubongo unaliamini zaidi, na kwa mtu wa mkono wa kulia mara nyingi ni jicho la kulia. Anapopeleka bastola mkono wa kushoto, anapaswa kugeuza kichwa ili jicho lile lifikie alama za mtutu, au kulifundisha jicho la pili kazi mpya.

Kidole ndicho kinachochukua muda mrefu zaidi. Kufyatua vizuri maana yake ni kuvuta kidole kimoja pole pole huku vidole vingine vinne vikibaki vimetulia. Mkono usiozoea hauwezi. Kidole kinapovuta, kiganja chote kinakaza, na mtutu unasogea kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Kwa umbali wa mita 25, kusogea huko kunatosha kutoa risasi katikati na kuipeleka pembeni.

Hapo pia ndipo chombo kinakuwa na umuhimu wa kweli. Mshiko wa bastola ya mashindano unachongwa kwa mkono wa upande mmoja. Una sehemu ya kupumzisha kidole gumba na sehemu ya kushikilia kiganja kwa chini. Ule wa mkono wa kulia haukai katika mkono wa kushoto. Mpigaji wa kushoto aliyepewa bastola ya kulia, hata ikiwa ya bei gani, anashika kitu kinachopigana na kiganja chake. Dawa yake ni kipande cha mbao kilichochongwa vizuri, na mbao hiyo haigharimu kama bastola nzima.

Mwaka 1939, majira ya baridi yalipokwisha, mashindano ya taifa ya Hungaria yalifanyika. Takács alifika uwanjani. Inasimuliwa kwamba wenzake walikwenda kumsalimia na kumpa pole, wakidhani amekuja kuwatazama na kuwatia moyo, naye aliwaeleza kwamba amekuja kushindana nao. Siku ile alishinda, na akawa bingwa wa taifa kwa mkono ambao mwaka uliotangulia ulikuwa haujui kufyatua.

Mwaka uleule, alikuwa katika timu ya Hungaria iliyoshinda mashindano ya dunia ya bastola ya kasi huko Lucerne, Uswisi. Hakuna mtu aliyeweza tena kusema kwamba ushindi wa nyumbani ulikuwa bahati.

Vita vyachukua miaka tisa

Takács alikuwa tayari kwa Olimpiki ya 1940. Lakini dunia ilikuwa inaelekea kwingine. Japani, iliyokuwa katika vita na China, iliacha kuandaa michezo hiyo mwaka 1938, na nafasi ikapewa Helsinki, mji mkuu wa Ufini. Kisha, mwezi wa tisa 1939, Ujerumani ilivamia Poland. Karibu miezi mitatu baadaye, Muungano wa Kisovieti ulishambulia Ufini yenyewe. Olimpiki ya 1940 ilifutwa, na ile ya 1944, iliyotarajiwa London, ikafutwa pia.

Hungaria iliingia katika vita upande wa Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 1944 jeshi la Kisovieti liliuzingira mji wa Budapest. Mapigano ya nyumba kwa nyumba yaliendelea hadi mwezi wa pili 1945. Yalipokwisha, madaraja yote ya mto Danube yaliyounganisha pande mbili za mji yalikuwa yamelala majini.

Takács alipita miaka hiyo akiwa mwanajeshi wa nchi iliyoshindwa. Michezo ya London ilipotangazwa kwa mwaka 1948, Ujerumani na Japani hazikualikwa, lakini Hungaria ilialikwa. Alikuwa na miaka 38. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu timu ya Berlin imwache nyumbani, na miaka kumi tangu bomu.

London, pointi 580

Mashindano ya kulenga ya mwaka 1948 yalifanyika Bisley, nje ya London, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Aliyetarajiwa kushinda bastola ya kasi alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Inasimuliwa kwamba Mwargentina huyo, alipomwona Takács kabla ya shindano, alishangaa kumkuta pale na kumwuliza sababu ya safari yake. Takács alimjibu kwamba alikuja kujifunza.

Kisha shindano likaanza. Risasi zote 60 za Takács ziligonga shabaha, na jumla yake ikawa pointi 580. Hiyo ilikuwa pointi 10 juu ya rekodi ya dunia. Díaz Sáenz Valiente alipata 571 na kuchukua fedha. Sven Lundquist wa Uswidi alipata 569 na kuchukua shaba. Pointi tisa kati ya wa kwanza na wa pili ni nafasi kubwa katika mchezo ambao mara nyingi huamuliwa kwa pointi moja au mbili.

Wanaosimulia habari ya siku hiyo huongeza kwamba Mwargentina alimpongeza na kumwambia kuwa sasa amekwisha kujifunza vya kutosha. Aliyepigwa katika mchezo wake mwenyewe alimheshimu aliyempiga.

Katika kiangazi hichohicho jambo jingine lilitokea Uingereza. Tarehe 29 mwezi wa saba 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano madogo ya kupiga mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville. Washiriki walikuwa 16, wanajeshi wanaume na wanawake waliojeruhiwa, wakiwa katika viti vya magurudumu. Kutoka mashindano hayo ilizaliwa Michezo ya Paralimpiki. Takács hakuwa sehemu ya mashindano ya Guttmann. Siku chache baadaye yeye alishindana pamoja na watu wenye mikono miwili mizima, kwa sheria zilezile, na kuwashinda.

Hungaria ilikuwa imekwisha kuona mfano wa namna hiyo. Olivér Halassy, aliyekosa sehemu ya mguu mmoja, alishinda zahabu ya polo ya majini pamoja na timu ya taifa mwaka 1932 na 1936. Lakini katika kulenga shabaha, ambako mkono ni kila kitu, hakuna aliyekuwa ametarajia ushindi kama ule wa Takács.

Helsinki, mwalimu na mwanafunzi

Mwaka 1952 Olimpiki ilifika Helsinki, mji uleule ambao ungeipokea mwaka 1940. Takács alikuwa na miaka 42. Katika timu ya Hungaria alikuwa pamoja na kijana wa miaka 17, Szilárd Kun. Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wake.

Shindano liliamuliwa na pointi moja. Takács alipata 579. Kun alipata 578. Gheorghe Lichiardopol wa Romania alipata pia 578 na kuwa wa tatu. Mwalimu alimtangulia mwanafunzi wake kwa pointi moja, na wote wawili wakasimama jukwaani, mmoja na zahabu, mwingine na fedha.

Kwa ushindi huo Takács akawa mtu wa kwanza kutetea zahabu ya Olimpiki katika bastola ya kasi. Wengine walikuja baadaye: Józef Zapędzki wa Poland mwaka 1968 na 1972, na Ralf Schumann wa Ujerumani mwaka 1992 na 1996. Hungaria yenyewe, nchi yenye watu chini ya milioni kumi, ilirudi kutoka Helsinki na medali 16 za zahabu na nafasi ya tatu duniani.

Medali ya Kun inasema jambo lingine juu ya Takács. Mtu aliyejifunza mchezo mara mbili, kwa mikono miwili, anakuwa mwalimu wa aina ya pekee. Bingwa wa kawaida mara nyingi hawezi kueleza anachofanya, kwa sababu alikizoea akiwa kijana na amekwisha kusahau jinsi alivyokipata. Takács alilazimika kurudi mwanzo akiwa mtu mzima, na kukipita tena kila kizuizi akiwa macho.

Miaka ya mwisho

Alishiriki tena Melbourne, Australia, mwaka 1956, akiwa na miaka 46. Michezo hiyo ilianza katika siku za uchungu kwa Wahungaria. Tarehe 23 mwezi wa kumi watu wa Budapest walikuwa wameinuka dhidi ya utawala uliotegemea Moscow, na tarehe 4 mwezi wa kumi na moja vifaru vya Kisovieti viliingia mjini kuwazima. Wachezaji walisikia habari za nyumbani wakiwa mbali, na wengi wao hawakurudi tena Hungaria. Takács alimaliza wa nane. Zahabu ilikwenda kwa Ștefan Petrescu wa Romania.

Baadaye aliendelea kufundisha. Katika maisha yake alishinda ubingwa wa Hungaria mara 35. Jeshini, sajenti yule aliyenyimwa nafasi kwa sababu ya cheo alistaafu akiwa luteni-koloneli. Alifariki Budapest tarehe 5 mwezi wa kwanza 1976, siku 16 kabla ya kutimiza miaka 66.

Jibu kwa anayetaka kununua

Waswahili wanasema: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inakaa vizuri katika habari ya Takács, lakini haimaanishi kwamba jembe lolote linafaa. Bastola mbovu, ambayo risasi zake zinatawanyika hata ikifungwa mezani, haiwezi kumpa mtu yeyote pointi 580. Mshiko usiolingana na kiganja unamfundisha mpigaji makosa. Kwa mambo hayo mawili, kutoa pesa ni haki.

Mara nyingi, hata hivyo, jambo linalomsumbua anayeanza liko kwingine. Bastola ya kawaida ya mashindano, inayopatikana kwa dola mia kadhaa, hupeleka risasi zake karibu pamoja kuliko anavyoweza yeye mwenyewe. Anapokosa, ni kidole kilichovuta kwa nguvu, au bega lililochoka, au akili iliyokimbilia shabaha ya tano kabla ya kumaliza ya nne. Bastola ya dola 2,000 itaonyesha makosa hayohayo kwa usafi zaidi. Haitayaondoa.

Kuna njia rahisi ya kupima. Mpigaji amwombe mwenzake mwenye ujuzi zaidi kupiga kwa bastola ya klabu ileile. Kama mwenzake anaingiza risasi katikati, basi bastola haina kosa, na pesa zile zinaweza kununua risasi za mazoezi za mwaka mzima na siku kadhaa na mwalimu. Kama hata mwenzake anashindwa, wakati wa kununua umefika. Na anayenunua aanze na mshiko, kisha kifyatulio kinachorekebishwa, na jina la kampuni lije mwisho.

Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, dunia ilimcheka kwa furaha na kumsifu Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, aliyechukua medali ya fedha akiwa na miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni, huku wengine wakivaa lenzi maalumu machoni. Wengi walidhani kwamba hakuwa na kifaa chochote. Bastola yake ilikuwa ya mashindano kama za wenzake. Alichoacha ni vitu ambavyo yeye hakuvihitaji, na alijua kwamba havihitaji kwa sababu alikuwa amefanya mazoezi miaka mingi.

Ujuzi wa namna hiyo ndio Takács aliotoka nao hospitalini mwaka 1938. Mkono wake bora ulikuwa umekwenda na hakuna duka ambalo lingemrudishia. Alibaki na mkono ambao haukujua lolote, na akaupa kile ambacho aliwahi kuupa wa kwanza: muda, na risasi nyingi zilizokosa shabaha mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.